Tundu la Kiberiti

Asilimia tatu, Mkoani, boti inafunga kamba.
Mbili, nikiwasha ramani ya kwenda Kiuyu.
Moja. Kisha kioo cheusi, na abiria wangu
akapanda gari ya Ngwali,
kwa kuwa alinipigia mara nne akaambiwa sipatikani.
Mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake,
nimeegemea boneti, natafuna ubani,
napatikana kuliko mtu yeyote bandarini pale.

Na chaja ilikuwemo! Wallahi, imechomekwa,
inawaka taa ya buluu kama pete ya bibi harusi,
elfu tatu, imeandikwa "fasta" ubavuni.
Simu ikasema inachaji, huku inashuka,
mtungi uliotoboka:
unatiwa kata moja, unavuja mbili.

Basi leo niko Chake, dukani kwa Shaame Mbwana.
Kanitandazia kumi na moja juu ya kioo:
yenye rangi ya dhahabu, yenye matundu manne, yenye kuimba redio.
"Hii kali, dada. Hii inachukuliwa sana."
Shaame, nikamwambia, sikuja kutafuta inayochukuliwa.
Niazime miwani.

Maandishi ya chaja ni madogo kuliko mayai ya chawa.
Nimeyasoma kwa kidole, kama siku ya kwanza chuoni.
Volti tano, ampea moja: tano mara moja, wati tano.
Ndiyo ile yangu ya buluu. Wati tano
hazibebi ramani, na jua la kioo cha mbele, na simu za mama.
Hii nyengine: volti tisa, ampea mbili.
Shaame akanyoosha mkono kwenye kalkuleta.
Kumi na nane, nikamwambia,
mimi nahesabu pishi za karafuu tangu sijaweza kufunga Ramadhani nzima.

"Ila na simu nayo iwe inakubali," akasema,
na hapo nikamheshimu.
Kumbe huposana! Chaja hunadi tisa,
simu hujibu nazimudu, au siziwezi;
zisipoelewana hurudi kwenye tano za kimasikini
na hakuna atakayekuja kukwambia kuwa posa imevunjika.
Na uzi, je? Uzi mwembamba ni mshenga mbaya,
nusu ya mahari huishia njiani.

Iliyonikaa mkononi ilikuwa nzito, nyeusi, haina hata taa.
Elfu ishirini na tano. Tukateremka hadi ishirini na mbili,
na uzi mnene juu yake.
Tujaribu garini kwanza, nikasema. Pesa yangu haijatoka.

Haikushika.
Shaame akaizungusha, akaipuliza, akaanza kuisingizia gari.
Nikachomoa ufunguo, nikaokota konyo la karafuu
(zulia langu halikosi)
nikachokoa lile tundu
ambalo kabla ya simu lilikuwa la kiberiti.
Likatoa jivu.
Laini, la siku nyingi,
halijazi kijiko cha chai,
na harufu ile ile ya mkono wa shati la baba.

Baba alimwapia mama, siku aliyorudi Hija,
kwamba sigara basi.
Akaishi miaka tisa baada ya hapo,
akitafuna iliki kila akikaribia mlango.
Gari hii aliinunua mwaka wa pili wa kiapo.

Nikaichomeka tena. Ikaingia kwa mlio mdogo, kama kufuli ya kabati.
Kiooni yakatoka maneno: inachaji haraka.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Shaame akapiga paa la gari kwa kofi, utasema kaizaa yeye.
Mimi nikaitoa simu juani, nikaitia chini ya mtandio,
maana ikishikwa na moto hujifunga yenyewe,
hata uipe umeme wa kisiwa kizima.

Mama akapiga.
"Uko wapi? Jana hukupatikana. Hiyo gari ina nini?"
Jivu lilikuwa bado kwenye kiganja changu cha kushoto.
"Haina kitu," nikasema. "Nilikuwa naisafisha."
Nikateremsha kioo.